Mtu wa Nyumba Hapewi Kadi

Nyumba yangu iko upande wa Kasapa, ukishapita chuo kikuu, mahali ambapo zamani palikuwa na nyasi na vichuguu tu. Ina vyumba vinane, kisima chake, na mashine ya umeme inayojiwasha yenyewe mkondo unapokatika. Niliichora mwenyewe. Sikumlipa mtu anichoree kisha nikadai ni kazi yangu. Nilikaa chini na penseli, kwa sababu ndiyo kazi niliyoisomea, na diploma inayosema hivyo ninayo, yenye muhuri wa Ubelgiji. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani anasikia malalamiko ya mtu aliyeshindwa. Sikushindwa. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na aliniachia jina lake na tabia ya kuamka mapema. Mengine yote nimeyatafuta kwa mikono yangu.

Lakini Jumapili, nikirudi kutoka misa, nyumba hiyo hunyamaza. Mke wangu na watoto walibaki Ulaya. Tulikubaliana kwamba watakuja shule zitakapofungwa. Shule zimekwisha kufungwa mara tatu. Meza ya chakula ina viti kumi na viwili. Mimi hukaa kile kilicho karibu na jiko, ili nisitembee sana, maana vigae vinarudisha sauti ya viatu na inakuwa kama kuna mtu mwingine anayenifuata.

Watu wananijua mji mzima. Nikisimama mahali, kuna mtu atasema "patron", yaani bosi. Simu yangu haipumziki. Hata hivyo, katika watu wote hao alikuwako mmoja tu anayeweza kuniambia nimekosea bila kuangalia viatu vyangu kwanza, na huyo nilikaribia kumpoteza kwa sababu ya kipande cha karatasi. Ninaiandika habari hii kwa ajili ya wenzangu waliorudi na masanduku na vyeti. Watafanya kosa lilelile, na watadhani wanatoa heshima.

Tulizaliwa mtaa wa Katuba, mimi na yeye, ukuta mmoja ukitutenganisha. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali ya udongo, na mvua ya mwaka mmoja iliubomoa katikati. Hakuna aliyeujenga tena, kwa sababu mama zetu waliona ni njia fupi ya kupitishiana makaa ya moto asubuhi. Nasi tulipita hapohapo. Nilikula kwao, alikula kwetu. Sikumbuki mtu yeyote wa nyumba ile kuniambia karibu. Walinisogezea tu bakuli, na nikichelewa nilikuta wamekwisha kula, na hakuna aliyeniomba radhi.

Shuleni nilikuwa mbele. Siwezi kusema uongo ili nionekane mnyenyekevu: nilikuwa mbele kila mwaka, na yeye alikuwa nyuma, hasa katika Kifaransa. Lakini vitu vya mkono vilikuwa vyake. Kufuli ikigoma, mnyororo wa baiskeli ukikatika, walimwita yeye, angali mdogo. Jioni alinieleza jinsi chuma kinavyopinda, nami nilimweleza hesabu, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mjinga kidogo.

Mwaka tulipofanya mtihani wa taifa, matokeo yalisomwa redioni, shule kwa shule. Tulikaa kwenye ngazi ya mlango wao, redio katikati yetu. Jina langu likasomwa. Tukangojea lake. Msomaji akasoma jina linalopaswa kutangulia lake, kisha akasoma linalopaswa kulifuata, akaendelea hadi mwisho wa shule yetu, akahamia shule nyingine. Mwenzangu akaizima redio. Akaingia ndani, akatoka na beseni la unga wa mahindi ambao mama yake alikuwa ameuleta kutoka kinu asubuhi ileile, akanimwagia wote kichwani, kama desturi ya mji wetu ilivyo kwa anayefaulu. Kisha akanibeba mgongoni mpaka sokoni, akiwaambia watu wote njiani kwamba mwana wa mtaa wao amepata diploma ya sekondari.

Mama yake alitoka nyuma akamkuta na beseni tupu. "Na leo tutakula diplome?" alimuuliza.

"Tutakula, mama," alijibu. "Iko inaiva pole pole."

Siku ile walikula viazi vitamu kwetu. Mimi nilikuwa nimejaa unga mpaka masikioni, na sikufikiri hata mara moja kilichokuwa moyoni mwa mtu aliyenibeba. Nimefikiri baadaye, miaka mingi baadaye, nikiwa mahali ambapo hakuna aliyejua jina langu.

Huko nilikokwenda nilishusha mizigo kwenye maghala yenye baridi, nikaosha vyungu vikubwa kuliko mimi, nikasoma ndani ya basi nikienda kazini na ndani ya basi nikirudi. Wengi tulioanza pamoja waliacha. Mimi sikuacha. Mwanzoni nilimpigia simu kila Jumapili, baadaye kila sikukuu, baadaye nilipokuwa na jambo. Yeye alijifunza kuchomelea vyuma akafungua kikarakana chake uwanjani pao. Upepo ulipong'oa mabati ya nyumba ya mama yangu, aliyarudisha yeye. Mama alipougua, alimpeleka hospitali yeye. Mama alipokufa, karatasi zangu zilikuwa hazijakamilika na sikuweza kusafiri. Aliyetangulia mbele ya jeneza akibeba msalaba, mahali pa mwana wa kwanza, alikuwa yeye. Mimi nilituma fedha za jeneza. Watu waliniambia lilikuwa jeneza zuri.

Basi niliporudi, na nyumba ilipokwisha, niliamua kufanya sikukuu ya kuibariki. Niliagiza kadi za mwaliko za karatasi nzito, herufi za dhahabu, bahasha yenye utepe. Kadi ya kwanza niliyoiandika ilikuwa yake. Niliandika "Bwana na Bibi", nikaandika na namba ya meza, meza ya tisa, nikampa dereva wangu aipeleke Katuba. Nilifurahi kweli nilipoiona ile bahasha ikiondoka. Nilijiambia kwamba hakuna mtu katika mtaa wetu aliyewahi kupata kadi kama ile, na wa kwanza kuipata ni rafiki yangu.

Walikuja watu zaidi ya mia. Padre alinyunyiza maji ya baraka hadi chumba cha mashine ya umeme. Wafanyabiashara wa Kivu wanaoniuzia saruji kwa jumla walikuja na makreti ya vinywaji, wakasali vizuri, wakala vizuri, wakasifu vigae. Wapishi wa kukodi walivaa kofia nyeupe. Kwenye meza ya tisa viti viwili vilibaki vimefunikwa vitambaa vyake, hakuna aliyevigusa. Siku nzima nilisalimia watu huku nikitazama lango. Saa kumi na moja wapishi walikwisha kuosha vyombo vyao na kuvipakia, wageni wakaniaga mmoja mmoja, na nikabaki na baraka zangu.

Nilisema ni wivu. Neno hilo ni jepesi sana kinywani mwa mtu aliyefanikiwa, linakuja lenyewe.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwake. Nilimkuta uwanjani anachomelea kitanda. Aliinua kinyago cha usoni, akaniona, akazima mashine. "Karibu, patron," alisema. Kisha akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa shati jipya, amefunga vifungo mpaka shingoni. Mtu huyu nilimwona akiwa na surua, nilimwona akioga uchi kwenye mvua, nilimwona akilia mbele ya kaburi la baba yake. Sasa alikuwa amefunga vifungo kwa ajili yangu.

Alinipeleka sebuleni, akapangusa kiti ambacho hakikuwa na vumbi. Mke wake aliniletea soda kwenye sinia, glasi imefunikwa kitambaa. Binti yao wa kwanza, msichana mkubwa sasa, alikuja kunisalimu. Alipiga goti akasema, "Bonjour, papa," akaondoka. Hapo niliumia zaidi, na ni lazima nieleze sababu. Msichana huyo amepewa jina la mama yangu. Kwa desturi ya kwetu, mwenye jina la mama yangu ni mama yangu. Angepaswa kuniita mtoto wake, kuniuliza kama nimekula, kunikemea nikikosa. Alipiga goti kama anayempokea mkaguzi wa shule.

Nilimuuliza rafiki yangu kwa nini hakuja. Alijibu kwa upole kwamba kadi ilifika, dereva wangu ni kijana mwenye adabu, na yeye anashukuru. Nikamuuliza tena.

"Ile envitasio ilikuwa muzuri," alisema. "Niliisoma yote. Nikaona baliandika meza tisa. Nikamuuliza bibi yangu: hawa ba meza tisa, ni bageni ya nani?"

"Nilikuheshimu," nilimwambia.

"Ndiyo. Mugeni ndiye banamuheshimuka." Alisogeza glasi yangu kidogo, kama mtu anayepanga meza. "Mi nilikuwa nangoya unitume niende kubeba biti ya bageni kuikalia."

Nilikunywa soda ambayo sikuitaka. Akaendelea kuzungumza, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema wakati wa ujenzi alipita mara moja mbele ya kwangu akaangalia lango nililolileta kwa kontena. Lango zuri, alisema, lakini nguzo ya kushoto ni nyepesi mno. Bawaba ya juu haitavumilia mvua nyingi. Nikamuuliza kwa nini hakuingia kuniambia. Alisema mlinzi alimuuliza anamtafuta nani.

Tulikula sebuleni, yeye na mimi, kila mmoja na sahani yake na kijiko. Nje, watu wa nyumba walikuwa wamezunguka bukari moja, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya mihogo, wanacheka jambo nisilolijua. Nilisikia mtu akinyang'anywa kipande cha samaki. Kisha alinisindikiza mpaka garini, akanishukuru kwa kuwatembelea.

Mvua zikaanza. Hakunipigia simu, nami sikumpigia. Nilikuwa na kazi nyingi. Makampuni ya migodi hunitafuta, na ninapochora ghala haliinami. Lakini nilianza kuona kwamba sikuwa na mtu wa kumwambia jambo dogo. Jambo kubwa lina watu wengi wa kuambiwa. Ukitaka kusema kwamba umeota mama yako anapepeta mahindi, utampigia nani? Mke wangu alikuwa kazini saa hizo, na watoto wanasikia Kiswahili nusu.

Habari ya ndoa niliipata kwa mama mmoja wa Katuba anayeniletea mboga ya lengalenga kila Alhamisi. Aliniambia binti wa rafiki yangu, yule mwenye jina la mama yangu, anaolewa. Akatoa kadi kwenye kikapu chake, aliyoifunga kwenye mfuko wa plastiki isiloe, akanionyesha jina lake lilivyoandikwa.

"Weye haujapata?" aliuliza, kisha akaharakisha kusema kwamba hawajamaliza kugawa.

Nilimwambia kwamba yangu iko njiani. Tangu siku ile nikaanza kungojea. Nilimuuliza mlinzi kila jioni kama kuna mtu aliyepita. Nilijua pia, kwa mama yuleyule, Jumamosi ambayo wakwe wangekuja kuleta mahari, na nilijua maana ya siku hiyo kwa baba wa msichana: hasemi yeye mwenyewe, anahitaji mtu wa upande wake wa kujibu. Nilikuwa na hakika kwamba hapo angalau angeniita.

Jumamosi ile nilivaa suti saa tatu asubuhi. Nilijiambia kwamba kadi ikifika hata saa sita, nitawahi. Nilikaa sebuleni nikiangalia simu. Saa nane nilipasha chakula, nikala nikiwa nimejifunga kitambaa kifuani ili nisichafue tai. Saa kumi nikavua koti. Mimi, ambaye sikungojea mtu anifungulie mlango wowote wa Ulaya, nilikuwa nimengojea karatasi tangu asubuhi mpaka alasiri, na haikuja. Nikaamua kwamba yamekwisha. Miaka arobaini na zaidi ya urafiki, na amenifuta bila hata kuniambia.

Wiki mbili zilipita. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, bawaba ya juu ya lango langu ilikatika. Lango lilianguka upande, likajikita kwenye udongo, na gari halikuweza kutoka. Mlinzi alisema kuna mchomeleaji barabarani, atamwita. Nilimzuia. Nilisema namjua mchomeleaji mwingine. Nilijua vizuri kwamba hakuna mtu anayekwenda kumwomba mwenzake kazi ya lango siku moja kabla ya kuoza binti yake. Ilikuwa sababu ya kipumbavu, lakini kwa miezi mingi sikuwa na sababu yoyote ya kwenda kwake, nikaishika hiyohiyo. Nikachukua pikipiki ya kukodi mpaka Katuba, na matope yakanifika magotini.

Uwanja ulikuwa umejaa. Turubai limefungwa juu, wanawake wanachambua majani ya mihogo, vyungu juu ya mafiga. Yeye alikuwa amebeba viti vya plastiki, vimepangana mpaka kidevuni. Aliniona, hakusimama.

"Umechelewa," alisema, akapita.

Nilimfuata. "Sikupata kadi."

Aliweka viti chini, pole pole, akageuka. Shati lake lilikuwa limechanika begani, vifungo viwili havipo. "Kadi ya nini? Kadi ni ya bantu benye kuya kukula. Weye ulikuwa unatafuta kukula?"

Nikasema nilidhani amenikasirikia. Alisema ndiyo, alikasirika, na hasira haina uhusiano na kazi. Kisha akaniambia yaliyotokea siku ya mahari, na aliyasema akiangalia upande. Wakwe walifika saa nne. Aliwaambia wangojee, ndugu yake anakuja, ndiye atakayejibu. Wakanywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wakangojea. Saa sita wakwe wakaanza kuangaliana. Mwisho akajibu kaka yake mkubwa aliyekuwa ameshuka kutoka Pweto na magunia ya samaki wakavu, mtu mwema lakini hajui maneno ya mjini. Alikubali kila kitu haraka haraka, kama mwenye samaki walioanza kulainika.

"Ungenipigia simu," nilisema.

"Nikupigie simu, nikuambie nini? Kama mama yako anaposwa?" Aligeuka akanitazama. "Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Unafanya nini?"

"Nimekaa. Nilikuwa nimevaa suti."

Alianza kucheka. Akamwita mke wake kutoka motoni. "Kuya kusikia. Ile siku ya mali, shemeki yako alivaa suti, akaikala mu nyumba yake. Na tai?"

"Na tai," nilisema.

Wanawake waliacha majani. Mmoja aliuliza kama nilijipaka na marashi. Mwingine alisema huenda nilikuwa ninaposa viti vyangu mwenyewe. Walicheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa kitenge, na sijawahi kuchekwa hivyo tangu niondoke nchi hii. Huko nilikokuwa watu walitabasamu tu. Kelele zile zilimtoa binti ndani ya nyumba, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Alipoelezwa, alikuja mbele yangu, akaweka mikono kiunoni.

"Mutoto yangu," alisema, "siku banakuya kuniomba, ulikuwa unacheza wapi?"

Desturi ilitaka nijibu kwa utani. Nilisema nilikosa, mama.

"Mutoto mwenye kukosa anabebaka maji," alisema. Akanionyesha madumu ya njano. "Yote ile. Na uvue viatu, utaniharibia uwanja."

Nilibeba maji. Nilikwenda bombani mara saba, suruali imekunjwa, na watu wa foleni hawakunipisha. Jirani mmoja aliyekuwa amekula kwangu siku ya baraka alinitambua. Akaniuliza, kwa wasiwasi, kama ni mimi kweli. Nilimwambia ni mimi, na kwamba ninamwoza binti. Nilisema kwa majivuno. Sioni sababu ya kuficha: nimejivunia vyeti, na dumu lile nililijivunia vilevile.

Rafiki yangu hakuzungumza nami sana. Alinituma. Shika hapa, inua pale, siyo hivyo, nani alikufundisha kufunga kamba. Nilipomtajia lango alisema anajua, alisikia mvua ya juzi akalifikiria. Atakuja Jumatatu, na nguzo itabidi ing'olewe. Nikamwambia kuhusu ile Jumamosi kwamba kama ningeweza kuirudisha ningeirudisha.

"Ile ilishaendaka," alisema. Hakusema kwa ukali. Alichukua ncha ya pili ya benchi, tukaibeba.

Alasiri nilikuwa nimekaa karibu na moto, ninachochea makaa, mke wake akinionyesha picha za siku ya mahari kwenye simu yake. Wakwe mstari mmoja. Binti na kitenge kipya. Kaka wa Pweto akiwa amefungua kinywa. Katika picha moja rafiki yangu amekaa katikati, kaka yake upande wa kushoto, na upande wa kulia kuna kiti cha plastiki chenye koti lililovalishwa mgongoni mwake. Nilimuuliza koti la nani.

"Ni yake," alisema. "Bantu balikuwa bengi, biti haitoshi. Aliivua, akaiweka pale, asikuye muntu kuikala. Mpaka balienda, haikukaliwa."

Ilikuwa siku ya jua kali. Katika picha wengine wote wamevaa makoti yao. Yeye amekaa na shati tu mbele ya wakwe zake, siku ambayo mwanamume hapaswi kukaa na shati tu.

Nilimwomba anitumie picha ile. Harusi ilikwenda vizuri, na bukari lililiwa lote, na sehemu ya lile bukari niliisonga mimi. Jumatatu alikuja na mashine yake, akang'oa nguzo, akaweka nyingine, akalisema vibaya lango langu kuanzia juu mpaka chini. Hakukubali kuingia kuona vyumba. Alisema siku nyingine.

Sasa Jumapili baada ya misa sipiti nyumbani kwanza. Ninaangalia picha ile kidogo, kiti kile na koti lake, kisha ninakwenda Katuba bila kupiga simu. Habadiliki haraka, wakati mwingine bado ananiita patron, nami ninaacha. Jumapili nyingine simkuti, ameitwa mahali kuchomelea. Mke wake haniletei soda. Ananisogezea benchi la chuma lililo karibu na mashine, anaendelea na kazi zake, nami ninakaa hapo kati ya vipande vya vyuma, ninamngojea.